Sindano za Kichina na chango la uzazi

Barua ninayotaka kuijibu leo imetoka kwa mama mmoja wa hapa Dar es Salaam, mwenyeji wa Masagati. Akina mama watanielewa upesi. Akina baba nao nawaomba wasiondoke karibu na redio, maana kabla sijamaliza watasikia wakitajwa.

Mama huyu anaeleza kwamba mdogo wake, mwanamke wa miaka 29, huu ni mwaka wa sita tangu aolewe na hajapata mtoto. Kila akiingia hedhini huumwa tumbo la chini hadi hawezi kuinuka, na siku za kawaida hutokwa na uchafu ukeni. Kule nyumbani mabibi walimwambia ni chango, akanywa mizizi ya kila namna. Baada ya mavuno mumewe aliuza magunia ya mpunga, mke akapanda gari hadi Mlimba, akachukua reli, akaja mjini kwa dada yake. Mjini jirani akawaelekeza kwenye zahanati ya dawa za Kichina. Amechomwa sindano mara kumi, amepewa maboksi ya vidonge yenye maandishi ambayo hakuna anayeyasoma pale nyumbani, na maumivu, anasema mwenyewe, yamepungua. Lakini hedhi ingali inakuja kila mwezi. Sasa ameambiwa aanze awamu ya pili. Fedha zilizobaki zinatosha awamu hiyo, au zinatosha vipimo vya hospitali, si vyote viwili. Na huko nyumbani mama mkwe ameanza kumwangalizia mwanawe mke mwingine. "Tuendelee au tuache?" Ndivyo barua inavyomalizika.

Swali hili halijibiki kwa neno moja. Wapo watakaosema upesi kwamba hao ni matapeli tu. Wapo pia watakaosema kwamba tiba iliyodumu zaidi ya miaka elfu mbili haiwezi kuwa ya uongo. Nionavyo mimi, wote wawili wanakwepa kazi, kwa sababu mtu anayetaka kumsaidia binti huyu hana budi kuuliza mambo mawili: sindano hizo zinaweza nini, na yeye anaumwa nini? Katika barua nzima, kurasa nne, jibu la swali la pili halimo. Mabibi wamesema chango. Zahanati imesema damu yake haitembei vizuri. Hakuna aliyemtazama ndani.

Lakini tuanze na sindano. Watu wa bonde la Kilombero si wageni kwa daktari wa Kichina. Reli iliyomleta binti huyu, TAZARA, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mang'ula palikuwa na kambi na karakana kubwa, na kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako ndiko kulikokuwa na kazi ngumu kuliko zote, madaraja na mahandaki yakifuatana. Maelfu ya Wachina walioishi katika kambi hizo walikuja na madaktari wao. Kabla ya hapo, kikundi cha madaktari kutoka jimbo la Jiangsu kilikuwa kimekwisha kufika Zanzibar mwaka 1964, na kingine kutoka jimbo la Shandong kikaja Tanzania Bara mwaka 1968. Kwa miongo mingi vikundi hivyo vimekuwa vikipokezana. Wengi wao ni madaktari wa upasuaji, wa macho, wa meno, wa akina mama. Mwenye sindano huwa ni mmoja miongoni mwao. Nasema hivi kwa sababu mjini sura ya daktari wa Kichina imekuwa ni ya mtu wa sindano na mitishamba tu, wakati huko China kwenyewe mwanamke asiyepata mtoto hupigwa picha na kupimwa damu kama anavyopimwa mwanamke wa Ulaya, hata kama baadaye atapewa na mitishamba.

Zahanati za binafsi zina historia yake. Mwaka 1991 sheria ilibadilishwa, madaktari wakaruhusiwa tena kufungua hospitali zao wenyewe, na katika miaka iliyofuata vibao vya dawa za Kichina vikaanza kuonekana Dar es Salaam, Zanzibar na kwingineko. Mwanamama mmoja mtaalamu wa mila na tiba, Elisabeth Hsu, alikwenda akaketi katika zahanati hizo akawasikiliza wagonjwa, na mwaka 2002 akaandika makala juu yao. Alichosikia ni kwamba watu waliisifu dawa ya Kichina kwa kufanya kazi haraka. Jambo hilo linachekesha kidogo, kwa kuwa huko Ulaya watu huikimbilia dawa hiyohiyo kwa kudhani ni ya taratibu na haina nguvu ya kudhuru. Kila mtu huona katika boksi lile kile alichokuwa akikitafuta.

Sasa Wachina wenyewe wanasemaje juu ya mwanamke? Wana vitabu vya kale sana. Katika karne ya saba tabibu Sun Simiao aliandika kitabu kikubwa cha dawa, na magonjwa ya wanawake akayaweka mwanzoni, mbele ya mengine. Mwaka 1237 Chen Ziming akakamilisha kitabu kizima cha tiba za wanawake peke yake. Msingi wao ni kwamba mwanamke hutawaliwa na damu. Damu ikipungua, au ikikwama, au ikiingiwa na baridi, hedhi itauma, itachelewa, itakuja na mabonge, na mimba haitashika. Pamoja na damu kuna nguvu wanayoiita qi, ambayo hupita mwilini katika njia zake, na sindano huchomwa katika vituo vya njia hizo ili kufungua mahali palipokwama.

Msikilizaji wa Ifakara akisikia maneno hayo hatashangaa. Chango nalo, kama mabibi wanavyolieleza, ni kitu kilichomo tumboni mwa kila mwanamke. Kikitulia anazaa, kikichafuka kinakata na kusokota, kinazuia mimba, kinamtoa mtoto kabla ya wakati. Tiba ni kukituliza. Ndiyo maana dawa ya Kichina imepokewa upesi huku kwetu. Haikumtaka mama aache namna yake ya kuufikiria mwili, ilimwongezea tu jina jingine. Na mimi siwezi kudharau chango. Neno hilo limewapa akina mama mahali pa kuweka maumivu ambayo mara nyingi hospitalini hupewa dawa ya kutuliza na kuambiwa "ukizaa yatakwisha". Ubaya wake ni kwamba neno moja limebeba magonjwa saba au manane yasiyofanana hata kidogo, na dawa ya moja si dawa ya jingine.

Tuitazame sindano yenyewe. Si ile bomba tunayoijua. Ni uzi wa chuma mwembamba, hauna tundu, haubebi dawa. Mgonjwa hulala, daktari akachoma sindano kadhaa na kuziacha kwa nusu saa hivi. Kwa magonjwa ya wanawake kituo kinachotumika sana ni kile cha upande wa ndani wa mguu, upana wa vidole vinne juu ya fundo, kinachoitwa Sanyinjiao. Ikiingia sawasawa mgonjwa husikia uzito au ganzi, na wao husema hiyo ndiyo alama kwamba qi imefika. Kituo hicho, kwa desturi yao wenyewe, mwanamke mwenye mimba hachomwi. Mama ambaye huenda ana mimba changa na bado hajijui, aseme kabla hajalala kitandani. Kisha atazame pakiti ya sindano ikifunguliwa mbele ya macho yake, mpya, ya kutumika mara moja na kutupwa. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini havijali sindano ni ya nchi gani.

Je, zinafanya kazi? Nchi za Magharibi zilianza kuuliza hivyo mwaka 1971, mwaka uleule ambao reli yetu ilikuwa ikichimbiwa njia. Mwandishi mmoja wa gazeti la New York Times, James Reston, aliugua kidole tumbo akiwa Beijing, akapasuliwa kwa njia ya kawaida, na baadaye tumbo lilipomjaa na kumsumbua akachomwa sindano, akaandika kwamba alipata nafuu. Baada ya hapo kila chuo kikatafuta sindano. Ugumu ulikuwa ni huu: maumivu hupungua pia kwa mtu kutulizwa, kushikwa na kusikilizwa. Basi wataalamu wakabuni sindano bandia, ama butu isiyoingia, ama inayochomwa juujuu mahali pasipo kituo, wagonjwa wakagawanywa kwa bahati nasibu bila kujua nani kapata ipi.

Majibu hayakulingana. Kichefuchefu kinachomshika mtu baada ya upasuaji hupungua kwa kusisimua kituo kilicho upande wa ndani wa kifundo cha mkono, upana wa vidole vitatu kutoka kiganjani. Hilo limejaribiwa mara nyingi na limesimama. Maumivu ya hedhi? Mwaka 2016 wakaguzi walikusanya majaribio 42 yenye wanawake zaidi ya 4,600, wakaona mengi yamefanywa ovyo kiasi kwamba hawakuweza kusema ndiyo wala hapana. Mama anayesema "mimi zimenisaidia" hatumkatalii. Maumivu ni yake. Yakipungua yamepungua, na sindano iliyo safi haina madhara makubwa.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalitaji kwa haya, nalo ni mkojo. Wako akina mama waliozaa ambao wakikohoa, wakicheka au wakiinua ndoo, mkojo huponyoka. Mwaka 2017 madaktari wa China walitangaza matokeo ya wanawake 504 wenye shida hiyo. Nusu walichomwa sindano za kweli zenye umeme mdogo, mara 18 katika wiki sita, na nusu wakapewa za bandia. Katika kipimo cha saa moja, mkojo uliovuja ulipungua kwa gramu 9.9 upande wa sindano za kweli, na gramu 2.6 upande wa bandia. Hiyo si kitu kidogo. Ila, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, mama ambaye mkojo unamtiririka mchana na usiku tangu alipokaa na uchungu siku mbili, huyo ana fistula. Ana tundu. Tundu hushonwa na daktari wa upasuaji, na hapa Dar es Salaam hospitali ya CCBRT imekuwa ikifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Magonjwa hayo mawili kwa jirani anayesikia harufu yanafanana. Kwa tiba hayana undugu.

Sasa tuje kwenye lile linalomuuma binti wa Masagati, yaani mtoto.

Mwaka huohuo wa 2017 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika China kwenyewe, katika vituo 21 vya utafiti, kwa wanawake 1,000 ambao mayai yao hayakomai kila mwezi kwa sababu ya hitilafu ya homoni. Waligawanywa makundi manne: sindano za kweli pamoja na kidonge cha klomifeni kinachoamsha mayai, sindano bandia na klomifeni, sindano za kweli na kidonge kisicho na dawa, na mwisho sindano bandia na kidonge kisicho na dawa. Kati ya kila wanawake 100 waliopewa klomifeni, kiasi cha 29 walijifungua watoto hai, iwe walichomwa sindano za kweli au bandia. Wasiopewa klomifeni, walijifungua 14 katika kundi la sindano za kweli na 17 katika kundi la sindano bandia. Kidonge kilifanya kazi. Sindano hazikuongeza kitu. Mwaka uliofuata Australia na New Zealand nazo zikatoa matokeo ya wanawake 848 waliokuwa wakipandikizwa mimba hospitalini: 18 katika kila 100 walipata mtoto, upande wa sindano za kweli na upande wa bandia vilevile.

Nawasifu Wachina wale. Si rahisi mtu kuipima tiba ya babu zake, akaona haikuleta alichotarajia, na akatangaza.

Na hao wote walikuwa wanawake ambao tatizo lao lilijulikana kabla hawajachomwa. Huku kwetu sababu iliyo kubwa ni nyingine. Shirika la Afya Duniani lilipochunguza wanandoa wasiopata watoto katika mabara mbalimbali, miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, Afrika kusini ya Sahara ndiyo iliyoonekana kuwa na mirija ya uzazi iliyoziba kwa wingi kupita mahali pengine. Kinachoziba ni makovu, na makovu hayo huachwa na kisonono na klamidia zisizotibiwa, na uchafu unaoingia baada ya kujifungua vibaya, na mimba zinazotolewa kwa siri. Klamidia hasa ni mwizi wa kimya, kwani mwanamke anaweza kukaa nayo miaka asijue. Mrija ni mwembamba mno. Ukishafunga kwa kovu, hakuna sindano ya mguuni itakayoufungua, hakuna mzizi, hakuna kidonge, kiwe cha Beijing au cha Ujerumani. Kwa baadhi upasuaji husaidia, na kwa wengine njia inayobaki ni kupandikiza mimba, ambako gharama yake sote twaijua. Ni habari ngumu. Lakini mwanamke anayeijua hataendelea kuuza mpunga awamu baada ya awamu.

Kuna na mengine. Bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga na maji, na kichocho cha mkojo kimechunguzwa Ifakara tangu miaka ya 1980. Mayai ya minyoo hiyo hayaishii kwenye kibofu. Hukaa pia katika mlango wa kizazi na ukeni, yakaleta vidonda, damu baada ya tendo la ndoa, uchafu, maumivu na hata utasa. Akina mama wenye kichocho cha via vya uzazi wametibiwa kama wenye magonjwa ya zinaa, wakagombana bure na waume zao. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya kumeza, na ikimezwa mapema humzuia mtu asifike kwenye makovu. Halafu kuna uvimbe wa kizazi. Halafu kuna saratani ya mlango wa kizazi, ambayo kwa wanawake wa Tanzania ndiyo saratani inayoongoza. Damu inayotoka nje ya siku za hedhi, au baada ya tendo la ndoa, au kwa mama aliyekwisha koma hedhi, hiyo si ya kupelekwa kwenye sindano hata siku moja. Kuna kipimo cha siki kinachofanyika kwa dakika chache na majibu hutolewa papo hapo.

Nimeahidi kuwataja akina baba. Katika ndoa zisizo na mtoto, kwa sehemu kubwa inayokaribia nusu, tatizo liko kwa mume, peke yake au pamoja na mkewe. Katika barua ya kurasa nne mume ametajwa mara moja tu, alipouza mpunga. Mke amekunywa mizizi miaka mitano, amesafiri, amechomwa mara kumi. Mume hajapimwa. Mke wa pili anatafutwa, na ikiwa mbegu ni dhaifu, huyo wa pili naye ataambiwa ana chango.

Sasa yale maboksi. Mitishamba ya Kichina ni dawa, na kitu chenye uwezo wa kutibu kina uwezo wa kudhuru. Kuna vidonge maarufu kwa uvimbe wa kizazi, Guizhi Fuling Wan, ambavyo asili yake ni kitabu cha karne ya tatu hivi. Ndani yake mna vijiti vya mdalasini, ndugu wa mdalasini wetu wa Zanzibar, na mimea mingine minne. Wakaguzi waliovipima hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba vinayeyusha uvimbe. Kuna majani yanayoitwa yimucao, maana yake "majani ya kumfaa mama", ambayo hukaza kizazi. Baada ya kujifungua wameyatumia karne nyingi, lakini mwenye mimba asiyaguse. Kuna mzizi wa danggui, unaosifiwa kwa damu ya wanawake. Anayetumia vidonge vya kuzuia damu kuganda akiuongeza anaweza kuvuja damu.

Jambo baya kuliko yote lilitokea Ubelgiji. Mjini Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipunguza unene walipewa vidonge vyenye mmea wa Kichina uitwao fangji. Jina hilo kwa Kichina lashirikiwa na mimea zaidi ya mmoja, na mahali fulani njiani mmoja ukaingia badala ya mwingine. Ulioingia ulikuwa na sumu ya figo. Wanawake zaidi ya mia moja waliharibika figo, wengi wakahitaji kuwekewa figo za watu wengine, na miaka ikapita baadhi wakakutwa na saratani ya njia ya mkojo. Hao walikuwa wanawake wa mji mkuu wa Ulaya, wenye madaktari. Kilichowaponza ni jina lililofanana na boksi wasiloweza kulisoma.

Na dawa ya damu ya wanawake imewahi kutugusa huku kwa namna ambayo wengi hawakuijua chanzo chake. Mnakumbuka habari za punda, zilizochinjwa Shinyanga na Dodoma, na wengine kuibwa usiku? Ngozi zilikuwa zinatakiwa China kuchemshwa ziwe gundi iitwayo ejiao, ambayo huuzwa hasa kwa wanawake kuwa ni ya kuongeza damu. Serikali yetu ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika wakakubaliana kuuzuia barani kote. Wakati ule mwanamke wa kijijini aliyeibiwa punda aliyabeba maji kichwani mwenyewe. Kama ni kuongeza damu, mwenye upungufu wa damu hapa kwetu apimwe malaria, safura na madini ya chuma.

Msidhani nimeegemea upande mmoja. Dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania iliifanya ya kwanza mwaka 2006 na ambayo kila mama wa Ifakara amekwisha mpa mtoto wake, ndani yake mna dawa iliyozaliwa na mmea wa Kichina. Mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, alisoma katika kitabu cha karne ya nne kwamba majani ya qinghao yaloweke majini na kukamuliwa, hayakutajwa kuchemshwa. Akatambua kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu, akaitoa dawa kwa ubaridi mwaka 1971, yeye na wenzake wakaijaribu kwanza miilini mwao wenyewe, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Mmea ule haukuingia katika maduka yetu kwa kuwa ni wa kale. Uliingia kwa kuwa ulipimwa ukashinda, kiasi chake kikajulikana kwa miligramu, na boksi likaandikwa maneno na picha ambazo hata asiyesoma anazielewa. Sisi nasi tuna Taasisi ya Dawa za Asili pale Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na tangu 2002 tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala, yenye baraza la kusajili waganga na zahanati. Anayekuchoma sindano ana haki ya kuulizwa cheti chake cha usajili. Asiye nacho atakasirika. Mwenye nacho atakuonyesha ukutani.

Basi dada yangu uliyeandika, nakujibu hivi. Awamu ya pili iache kwanza. Si kwa sababu sindano ni uongo, ila kwa sababu fedha ni moja na mdogo wako ana miaka 29, na miaka ndiyo kitu ambacho hakuna zahanati inayokiuza. Uchafu na maumivu ya tumbo la chini ni dalili zinazotibiwa katika kituo cha afya chochote kwa vidonge visivyo ghali, naye mumewe atibiwe pamoja naye, vinginevyo wataambukizana upya. Mwambie daktari kwamba amekulia kwenye maji ya mpunga, apimwe kichocho. Apimwe mlango wa kizazi. Halafu ndipo ipigwe ile picha ya eksirei ambayo dawa hupitishwa kwenye mirija ili ionekane kama iko wazi. Hupigwa siku chache baada ya hedhi kukoma. Kama hamwezi kukaa mjini, mkumbuke kwamba treni iliyomleta ilipita Ifakara, na Ifakara pana hospitali kubwa ya Mtakatifu Fransisko, karibu zaidi na nyumbani.

Maboksi asiyatupe. Ayatie kwenye mfuko, yote, na yaliyokwisha pia, amwonyeshe daktari siku ya kwanza kabla hajaandikiwa dawa nyingine. Na mume naye apande treni hiyohiyo. Kipimo chake hakina kisu wala eksirei, ni cha kikombe kidogo tu, na majibu yake yanaweza kufika Masagati kabla mama mkwe hajapeleka posa.